Mjadala: Je, fundi alipwe kwa kupima gari lisilowaka, hata kabla hajalitengeneza?

Mleta hoja:
Ninasimamia hoja kwamba fundi umeme anastahili malipo ya kupima, yakiwa mbali na malipo ya kutengeneza, ingawa najua wenye magari wengi huuona utaratibu huo kuwa wizi. Tumezoea kumlipa fundi pale injini inapowaka, na mazoea hayo ndiyo yanayomsukuma kubadilisha spea moja baada ya nyingine hadi abahatishe, kwa kuwa muda wa kutafuta chanzo hauna anayeulipia.

Katika magari ya zamani, ufunguo ulipeleka umeme kwenye stata, yaani mota inayozungusha injini ili iwake, kwa njia fupi. Katika magari yanayowashwa kwa kitufe, kama yale yanayotujia yakiwa yametumika Japani, anayebonyeza anawasilisha ombi tu: kompyuta hukagua kwanza kama ufunguo unatambulika, kama breki imekanyagwa na kama gia iko P (ya kuegesha) au N (huru), ndipo iruhusu rilei, yaani swichi ya umeme, ya stata. Swichi ndogo iliyo juu ya pedali ya breki ikifa, gari huweza kugoma kupiga stata hata kama betri ni mpya, na mara nyingi dalili yake ni taa za breki za nyuma kutowaka. Ni stata ngapi nzima zimeshafunguliwa bure kwa sababu ya swichi hiyo!

Fundi makini huanza na mita ya kupimia volti. Betri iliyojaa na kutulia husoma takriban volti 12.6, na stata inapozunguka haitakiwi kushuka chini ya 9.6 hivi. Stata ikizunguka kwa uvivu ilhali betri ni nzima, hupima kati ya ncha hasi ya betri na bloku ya injini wakati huohuo stata inapovuta. Akikuta nusu volti au zaidi, waya wa hasi umeoza au bolti yake imeshika kutu. Kazi hiyo huweza kumaliza saa nzima bila kutumia spea yoyote.

Mchangiaji:
Mkuu, hapo sikubaliani nawe moja kwa moja. Ninachokiona gereji ni fundi kuchomeka mashine kwenye kompyuta ya gari, kusoma misimbo ya hitilafu, kutoza pesa, kisha kumtuma mteja akanunue kontroli boksi, yaani hiyo kompyuta yenyewe. Betri dhaifu inapozidiwa na stata, kompyuta hukosa umeme wa kutosha na huweza kurekodi misimbo ya kukatika mawasiliano na vifaa ambavyo ni vizima kabisa. Mashine imesoma sawasawa. Tatizo ni aliyetafsiri. Nitalipa kwa sharti kwamba fundi aniandikie alipima wapi, stata ikiwa inazunguka au imetulia, na akapata volti ngapi, ili nikienda kwa mwingine asianze upya.

Mleta hoja:
Sharti hilo nalikubali, Mkuu. Ila nawe nijibu: fundi akikuandikia kwamba waya wa hasi ndio umeoza, nawe ukaenda kununua mwingine na kuufunga mwenyewe, saa yake utailipa bila kunung'unika?