Nauguza baba mkwe, hata ahsante sisikii. Nguvu mnazitoa wapi?

Mke wa Fundi:
Habari zenu wakuu. Naombeni ushauri. Kejeli nitazisoma pia, ila mume wangu msimtukane.

Nipo Tanga mjini. Baba mkwe alipata kiharusi kabla ya Ramadhani iliyopita, upande wote wa kulia ukapooza na usemi ukakatika. Mama mkwe ni marehemu. Watoto wao sita, ila aliye karibu ni mume wangu, naye ni fundi friji, anatoka alfajiri anarudi usiku. Kwa hiyo mzee ni wangu. Nilikuwa na genge la mbogamboga, nimelifunga.

Kazi yenyewe siilalamikii. Namwogesha, nambadilisha nepi, namlisha uji mzito kijiko kwa kijiko maana maji matupu yanampalia. Kinachonimaliza ni kwamba neno pekee linalomtoka likanyooka ni tusi. Juzi nimemkausha, nimempaka mafuta, nimemtandikia shuka safi, namuuliza "baba, uko sawa?" Akanitolea la nguoni, jirani amesimama mlangoni. Wifi zangu wako Dar, Jumapili wanapiga simu ya video, na jicho la kwanza linaenda kwenye midomo ya mzee: "Wifi, mbona baba amekauka hivyo, hanywi maji?" Mume nikimweleza anasema vumilia, Mungu anaona.

Nimelelewa kutenda wema na kunyamaza. Ila sasa akikohoa usiku, mwili unagoma kabla sijafumbua macho. Mnaotumikia watu bila malipo wala shukrani, nguvu mnazitoa wapi?

Kasuku wa Mjini:
Tafuta dada wa kazi, uzi ufungwe.

Mke wa Fundi:
@Kasuku wamekuja, wameondoka. Matusi yanawashinda.

Ustadh Mdogo:
Pole sana dada yangu. Kwenye Suratul Insan, aya ya 8 na ya 9, wanasifiwa watu wanaomlisha maskini, yatima na mfungwa, wakisema hawataki kwao malipo wala shukrani. Wengi huitumia aya hii kumnyamazisha anayechoka. Mimi hunisimamisha kwenye huyo mfungwa. Hana cha kukulipa hata akitaka. Mzee wako naye yumo humo, kafungwa ndani ya mwili wake. Weka nia upya kila asubuhi kabla hujagusa beseni, maana nia ya jana huisha jana.

Sista Zamu ya Usiku:
Niongezee la kitaalamu kidogo. Kupooza kulia maana yake athari iko upande wa kushoto wa ubongo, na kwa watu wengi usemi hutengenezwa huko huko. Mwaka 1861 daktari Mfaransa, Paul Broca, alieleza habari za mgonjwa aliyekuwa akijibu "tan" kwa kila kitu alichoulizwa. Akighadhibika sana ndipo linamchomoka neno la kulaani, na hilo linatoka zima!

Iko hivi: sentensi kama "ahsante mwanangu, nimestarehe" inabidi ubongo uitunge. Tusi, salamu, kuhesabu moja mbili tatu, sala ulizozikariri utotoni, hizo mara nyingi hutoka zenyewe hata kwa mtu ambaye hawezi kuomba maji. Kwa hiyo inawezekana kabisa alitaka kukujibu vizuri na kilichotoka ni kile. Sisemi kila tusi ni la ubongo, wapo wazee waliokuwa wakali tangu ujana, na huyo wewe ndiye unayemjua. Ila unaisubiri ahsante kwenye mdomo ambao pengine hauwezi kuitunga, na kungoja huko ndiko kunakukausha.

Jaribu hili: usimuulize swali. Anza Al-Fatiha polepole, au wimbo aliokuwa akiupenda, halafu nyamaza katikati uone.

Mama Njombe:
Mwanangu, mimi nilikuwa mhudumu wa kujitolea wa wagonjwa majumbani, kabla dawa za ARV hazijaanza kutolewa bure nchini mwaka 2004. Tulichokuwa nacho ni ndoo, sabuni, panadoli na GV, ile dawa ya zambarau ya kupaka mdomoni. Unamkuta mgonjwa chumba cha nyuma, sahani yake imetengwa. Unamwosha wiki kwa wiki hadi mnamzika, halafu ndugu zake wakikuona sokoni wanageuza njia. Mwanzoni iliniuma mno. Baadaye nikaelewa kwamba sura yangu inawakumbusha yale waliyoshindwa kuyafanya wao, na hilo halina dawa kwangu.

Nilichogundua, waliodumu kwenye kikundi chetu hawakuwa wapole kuliko wengine. Mmoja alikuwa na mdomo mchafu kuliko hata mkweo. Walidumu wale waliojua kazi ya leo imeishia wapi. Kabla sijatoka nilikuwa naangalia: mgonjwa mkavu, amekula, mgongo hauna kidonda. Basi, nimemaliza, naenda zangu. Furaha yangu niliiweka hapo, mahali ninapoweza kupafikia kwa mikono yangu. Mtu akishukuru napokea, asiposhukuru sijapungukiwa.

Na Ijumaa tulikuwa tunakutana wahudumu wenyewe, tunasemana na kucheka. Waliojifanya hawahitaji vikao ndio walioacha mapema. Tafuta hata mwenzio mmoja mwenye mgonjwa ndani, hapo Tanga hawakosekani.

Jogoo la Shamba:
Mnampaka mafuta kwa mgongo wa chupa huyu dada. Kutosubiri shukrani, sawa. Lakini hiyo familia inatumia "tenda wema nenda zako" kukwepa nepi! Shukrani ni hiari, zamu si hiari. Watoto sita wa kuzaa, anayemgeuza mzee ni mke wa mmoja? Wa Dar wanunue nepi na godoro la upepo, na wapokezane kuja wiki nzima nzima. Genge lifunguliwe hata asubuhi tu. Ukianguka wewe, nani atamgeuza kila baada ya saa mbili?

Ustadh Mdogo:
Hapo Jogoo umenena. Ikhlasi haimwondolei mtoto haki ya mzazi wake.

Mama Njombe:
Kweli. Ila mwanangu, ukiwaomba waombe vitu, usiombe waone unavyoteseka. Nepi pakiti kadhaa, tarehe fulani. Huruma yao ukiifukuzia utarudi pale pale.

Mke wa Fundi:
Wakuu, nimerudi na mrejesho. Nilianza Al-Fatiha wakati namkanda mkono, nikanyamaza. Baba akaendelea mwenyewe, sauti nzito, mpaka "Maliki". Hapo akakwama, akahangaika, halafu likatoka lile lile tusi. Wallahi nilicheka, na yeye akacheka, upande mmoja wa uso. Jioni tukaanza tena.

Kwenye grupu la familia niliandika mahitaji bila kueleza maisha yangu. Shemeji wa Arusha katuma hela ya godoro siku hiyo hiyo. Wifi mdogo anakuja mwezi ujao wiki moja. Wifi mkubwa kasoma, kimya. Mume kakubali Jumapili iwe yake kutwa, mimi nitoke. Genge bado, nikipata mtaji.

Sista, swali: kisigino chake cha kulia kina alama nyeusi kuliko ngozi ya pembeni, na nikigusa kina joto.

Sista Zamu ya Usiku:
Hicho ni kidonda cha mgandamizo kinaanza. Weka mto chini ya shavu la mguu, kisigino kibaki hewani kisiguse godoro. Usikisugue wala kukikanda. Kesho akione mtu wa afya, usisubiri kifunguke. Kagua na kitako, nyonga na kisigino cha pili.

Jogoo la Shamba:
Na picha ya hicho kisigino iweke kwenye grupu la familia. Bila maelezo.