Mzazi anakataa chuo kidogo cha Marekani, nimweleweshaje?

Mwl wa ushauri, Dodoma: Habari wakuu, nilitembelea Berea College kule Kentucky, nikakaa darasani, wanafunzi kumi na wawili wamekaa duara na profesa anamwita kila mtu kwa jina, nilitamani mwanafunzi wangu mmoja wa kike anayesoma PCB (Fizikia, Kemia na Bailojia) awe pale. Baba yake mkulima wa zabibu Hombolo, anasema chuo kidogo hakina maana

Mdau 1: Mkuu anza na hela, pale ada ya masomo hawatozi toka 1892, ila kila mwanafunzi lazima apige kazi chuoni, kima cha chini masaa 10 kwa wiki

Mdau 2: Pia mwambie halazimiki kuchagua fani siku ya kwanza kama ilivyo UDOM (Chuo Kikuu cha Dodoma), anaweza kusoma bailojia na historia kwanza

Mwl: Asanteni sana, jumamosi naenda kwao