Nimerithi programu ya ushirika wa maziwa, msimbo hausomeki: niandike upya au niweke maelezo?

Mwana_wa_Ngamiani

Wakuu habari za muda huu. Niko Tanga mjini, naombeni ushauri wenu maana kazi hii inagusa malipo ya watu.

Kuna ushirika wa wafugaji huku kwetu, una vituo vya kukusanyia maziwa upande wa Pongwe na Muheza. Mfugaji akileta maziwa, karani anapima na kuingiza kwenye simu, kisha mfugaji anapata meseji yenye lita, muda na pesa anazodai mpaka siku hiyo. Programu imeandikwa kwa lugha ya PHP, na kumbukumbu zinakaa kwenye hifadhidata ya MySQL. Aliyeiandika ameshahama na namba yake haipatikani. Inafanya kazi, ila kubadilisha kitu kidogo tu ni mtihani. Faili la malipo peke yake lina mistari elfu mbili na ushee, na maelezo yote yaliyomo (maneno ya kumsaidia anayesoma msimbo, kompyuta inayaruka) ni sehemu tatu zilizoandikwa "USIGUSE HAPA". Mfugaji huyo huyo, faili hili anaitwa `$member`, lile `$mkulima`, kwingine `$mteja`.

Tazameni hii:

`$s = $h - 3;`
`$k = $q * 1.03;`
`$p = $p - ($q * 50);`

Mstari wa kwanza ni wa saa ya kwenye meseji. Seva inatumia UTC, yaani saa ya kimataifa. Sisi tuko mbele kwa saa 3, sasa mbona anatoa 3 badala ya kujumlisha? Nataka kuigeuza iwe `+ 3` lakini roho inasita.

Meneja anataka kila mstari uwekewe maelezo. Rafiki yangu anasema nitupe yote niandike upya. Nishike lipi? Na maelezo yenyewe niandike Kiswahili au Kiingereza?

Kijana_Chumbageni

Andika upya mkuu. Msimbo wa namna hiyo utakuzeesha.

Dada_Msimbo

Mwana wa Ngamiani, hiyo `- 3` usiigeuze! Iko sahihi. Meseji inampa mfugaji saa ya Kiswahili. Seva ikisema 4, hapa Tanga saa ya kompyuta ni 7 asubuhi, na mfugaji anaiita saa 1. Unajumlisha 3 kufika Afrika Mashariki, unatoa 6 kufika saa yetu, inabaki kutoa 3. Maziwa ya jioni vilevile: seva 13, kwetu saa 10 jioni.

Ila angalia mistari inayofuata. Saa 12 asubuhi kamili seva inasoma 3, ukitoa 3 unapata sifuri, na hakuna mfugaji anayejua saa sifuri. Na kuanzia saa 1 usiku hesabu inatoa 13 kwenda mbele. Lazima kuna mahali anarekebisha. Nahisi ni mojawapo ya hizo "USIGUSE HAPA".

Hapo ndipo maelezo yanapohitajika. PHP inajieleza yenyewe kwamba inatoa 3. Kisichoonekana ni sababu, na sababu aliondoka nayo jamaa. Mimi ningeandika hivi:

`// Seva iko UTC. Afrika Mashariki ni UTC + 3, na saa ya Kiswahili`
`// iko nyuma ya hiyo kwa 6, kwa hiyo inabaki - 3.`
`$saa_ya_kiswahili = $saa_utc - 3;`

Ona majina yalivyobeba nusu ya kazi. Ukiyabadilisha `$s` na `$h` tu, hata bila maelezo, anayekuja baada yako atasimama kabla ya kuigeuza.

Hiyo 1.03 ni uzito: lita moja ya maziwa ina takriban kilo 1.03. Bila shaka kuna mnunuzi anayepokea kwa kilo. Ipe jina, `KILO_KWA_LITA`, na `$q` iwe `$lita`, `$k` iwe `$kilo`. Kipimo kikae ndani ya jina, usikitegemee kichwani. Septemba 1999 NASA walipoteza chombo kilichokuwa kinafika Mars, Mars Climate Orbiter, kwa sababu programu moja ilitoa hesabu za msukumo kwa vipimo vya paundi na nyingine ikazisoma kama newton. Namba zenyewe hazikuwa na tatizo, kilichokosekana ni kipimo chake.

Kuhusu 50 hakuna mtu humu anayeweza kukusaidia. Nenda kituoni ukaulize.

Mzee_wa_Seva

Naunga mkono, na naongezea kwa huyo anayesema andika upya. Mwaka 1998 Netscape waliamua kuandika kivinjari chao upya. Toleo la 5 halikutoka kabisa, la 6 likatoka Novemba 2000, na wakati wanaandika Internet Explorer ikaendelea kuchukua soko. Hao walikuwa kampuni nzima. Wewe uko peke yako na wafugaji wanangoja malipo. Katika hiyo mistari elfu mbili kuna maamuzi ya ushirika ambayo huenda hayakuandikwa popote pengine. Ukiitupa, umeyatupa na hayo.

Meneja naye mweleze kwa heshima kwamba maelezo kila mstari yataharibu zaidi. Ukiandika `$i++; // ongeza i` hujamsaidia mtu, umemchosha macho, na maelezo ya maana yanazama humo humo. Tena maelezo yasiyotunzwa yanageuka uongo. Nimekuta programu ya duka moja, maelezo yanasema "VAT asilimia 20", mstari wa chini yake unazidisha kwa 0.18. VAT ilishuka kutoka 20 hadi 18 Julai 2009. Aliyebadilisha namba hakugusa maneno ya juu yake, na kijana aliyepewa kazi hiyo akabaki hajui aamini kipi. Namba ya namna hiyo ikae mahali pamoja, ina jina lake, na maelezo yaseme ilianza kutumika lini.

Kama kuna vipande vizima vya msimbo wa zamani vilivyozimwa kwa alama ya maelezo, `//`, vikaachwa "kwa usalama", vifute. Weka kila kitu kwanza kwenye Git, programu inayotunza matoleo yote ya msimbo, kisha futa bila woga. Git ipo tangu 2005, inakumbuka kila ulichofuta.

Binti_Raskazone

Kuhusu lugha: atakayeusoma ni nani? Kama ni ninyi wa Tanga, andika Kiswahili, na andika sentensi kamili. Nimesoma maelezo mengi ya Kiingereza cha kubahatisha ambayo hata mwenyewe akirudi baada ya miezi haelewi alimaanisha nini. Kwa majina, chukua neno linalosemwa kituoni. Kama karani anasema "mfugaji", basi iwe `$mfugaji` kila faili, hao `$member` na `$mteja` waondoke. Fanya jina moja kwa wakati, endesha malipo ya mwezi uliopita, linganisha na yaliyolipwa kweli, ndipo uende jina jingine. Shilingi moja ikitofautiana, rudi nyuma.

Mwana_wa_Ngamiani

Dada Msimbo, nashukuru sana. Marekebisho ya saa sifuri nimeyakuta chini ya "USIGUSE HAPA" ya kwanza, kama ulivyosema.

Leo nimekwenda kituoni. Karani, mama mmoja aliyeanza na ushirika tangu mwanzo, alipoona hiyo 50 alijibu papo hapo: ni shilingi 50 kwa lita, makato ya pikipiki inayobeba maziwa ya kituo cha mbali hadi kwenye tangi la kupozea. Mkutano mkuu ndio ulipitisha, na kwenye daftari la mihtasari ipo. Kwenye msimbo sharti la kukata kituo hicho tu kweli lipo, limekaa mistari arobaini juu, ndiyo maana sikuliona.

Ila kanieleza jambo jingine: mwaka huu wanachama wanataka makato yashuke. Niandikeje ili siku ikibadilika isisumbue?

Dada_Msimbo

Shikamoo yake huyo mama, kaa naye hata asubuhi nzima na faili lote. Makato yatoe kwenye msimbo, yaweke kwenye jedwali la hifadhidata: kituo, kiasi kwa lita, tarehe ya kuanza. Malipo ya nyuma yatabaki na kiwango cha zamani, mapya yatachukua kipya, na karani ataweza kubadilisha bila kukupigia. Kwenye msimbo acha mistari miwili tu:

`// Makato ya usafiri kwa lita, hupangwa na mkutano mkuu.`
`// Tumia kiwango cha siku maziwa yalipopokelewa, si cha siku ya malipo.`

Huo wa pili usiuache. Mtu akichukua kiwango cha siku ya malipo, mwezi ambao makato yamebadilika katikati mfugaji atakatwa visivyo, na jumla itaonekana sawa kabisa.