Naomba ushauri: CAR-T kwa mdogo wangu, kansa ya damu imerudi

Habari zenu wadau, wakubwa shikamooni. Mdogo wangu ana miaka 19, ana kansa ya damu aina ya ALL (leukemia ya kasi) ya seli B, yaani seli za kinga, alimaliza kemo mwaka jana tukajua kapona, mwezi huu imerudi. Saivi akipiga mswaki tu fizi zinatoa damu, asubuhi unakuta mto una madoa, inauma jamani.

Daktari katugusia CAR-T, yaani wanachuja seli T (askari wa kinga) kwenye damu yake wanaziwekea jeni ya kuitambua CD19, protini iliyo juu ya seli za kansa, wanazizalisha nyingi halafu wanamrudishia kwa dripu. Marekani iliruhusiwa 2017 ila bei yake hata tukiuza kiwanja hatufiki, ndo tunafikiria ya India, NexCAR19, iliyoruhusiwa 2023. Ripoti tushatuma hospitali mbili za huko, zote zinasema aje kwanza.

Naomba kujua, kipimo cha CD19 kinafanyika hapahapa Dar kabla hatujakata tiketi? Na kemo aliyoanzishiwa tena isimame muda gani kabla ya kuchujwa, zisije seli T zikawa chache?