GC8 (Subaru Impreza WRX ya miaka ya 90) ikipiga mafataki kwenye ekzosi, mafundi acheni kutubadilishia vifaa kwa kubahatisha!

Wakuu, nimechoka. Gari hii ikianza kulipuka kwenye ekzosi, ukiipeleka gereji wimbo ni ule ule: pampu ya mafuta, nozeli, koili zote nne, mwisho wanakata masega (kichujio cha moshi ndani ya ekzosi). Hela imekwisha, gari bado inalipuka. Hakuna hata mmoja anayeuliza swali la kwanza: inalipuka WAKATI GANI?

Mlipuko huo ni petroli ambayo haikuungua kwenye silinda, ikaenda kuungulia kwenye bomba la moto. Muda inapolipuka ndio unaokuonyesha pa kuanzia.

Ikilipuka ukiachia pedali, acheni koili za watu. Angalia blowofu kwanza, ile valvu inayoachia presha ya turbo ukiondoa mguu. Aliyefunga ile inayopumulia nje ili gari ipige "pshhh" ndiye aliyeleta ugonjwa. Injini yake, EJ20, ina sensa ya MAF inayopima hewa kabla ya turbo. Kompyuta imeshaihesabu hewa hiyo na kuimwagia petroli yake. Hewa unaitupa nje, petroli inabaki. Rudisha mpira unaoirejesha hewa upande wa kuingilia turbo, basi.

Haijaisha? Kagua gasketi za ekzosi, injini ikiwa ya baridi. Pakivuja, bomba linavuta hewa safi ukiachia pedali, na hewa hiyo ndiyo inayowasha petroli iliyobaki. Utaona masizi meusi kwenye maungio.

Halafu regyuleta ya mafuta, inayodhibiti presha ya petroli. Chomoa ule mpira mwembamba wa vakyumu. Ukikuta petroli ndani yake, au hata harufu kali, diaframu imepasuka na injini inanyweshwa petroli kupitia manifoldi. Ni kazi ya dakika moja, haitaki mashine yoyote, na bado watu wanauziwa pampu! Mwenye geji apime mpira ukiwa umechomolewa, injini ikiwa saileni (inanguruma bila kukanyagwa): presha iwe karibu bar 3.

Ikilipuka ukikanyaga, turbo ikiwa imejaza, hapo sasa ndipo zamu ya plagi na koili. Gepu (nafasi ya cheche kwenye plagi) iwe 0.7 hadi 0.8 mm, ikizidi sana, presha ya turbo inazima cheche. Na mtoe plagi ZOTE NNE. Najua injini imelala na plagi ziko ubavuni, inabidi utoe betri na boksi la filta. Ndiyo kazi mnayolipwa. Nyeusi kavu, petroli imezidi. Iliyolowa petroli, silinda hiyo haichomi. Shimo la plagi likiwa na oili, gasketi ya tapeti kava (kifuniko cha valvu) imekufa na cheche inapotelea pembeni.

Linaloniudhi kuliko yote ni skana. Mtu anachomeka kimashine cha OBD2 (cha kusomea hitilafu za magari ya kisasa), hakisomi, anatangaza kompyuta imekufa. GC8 nyingi za Japani hazisomeki kwa hicho! Chini ya dashibodi upande wa dereva kuna soketi mbili nyeusi za waya mmoja mmoja. Ziunganishe, washa swichi bila kupiga stata, hesabu taa ya injini: mwako mrefu ni kumi, mfupi ni moja. Namba 23 ni hitilafu ya MAF, 21 ni ya sensa ya joto la maji.

Jibu:
Nakazia mkuu. Hiyo 21 msiidharau. Sensa ikidanganya kwamba injini ni baridi, kompyuta inaongeza petroli safari nzima. Pima kwa mita: nyuzi 20 iwe kama kiloomu 2 hadi 3, nyuzi 80 ishuke hadi karibu omu 300. Na kama mlipuko umeanza baada ya kubadilisha mkanda wa taimingi, fungua kava uangalie alama za kamshafti zote nne kabla ya kununua chochote. Jino moja likiruka linatosha.