Tupeane uzoefu: nani kawahi kuendesha, kupanda au hata kusukuma gari za misuli za Marekani?

FundiBodi (mwanzisha uzi)

Wakuu heshima mbele. Nikisema gari za misuli za V8 (injini ya silinda nane) hapa simaanishi ile Land Cruiser ya mkurugenzi inayowaachia vumbi, nazungumzia zile za Marekani za 1964 mpaka 1972 hivi, gari ya kawaida tu ya milango miwili halafu kiwanda chenyewe kikaichomeka injini kubwa kupita akili na kukuuzia na waranti juu. Za kufungiwa injini gereji na mjomba haziingii humu.

Naanza mwenyewe. Nipo Michigan, kazi yangu bodi na rangi. Jirani yangu ni mzee mstaafu ana Pontiac GTO ya 1967, gia nne za mkono, injini ya inchi za ujazo 400 yaani kama lita 6.6, nguvu za farasi 335 kwa hesabu za enzi hizo. Nilimpigia rangi mlango wa kushoto, akanipa funguo akaniambia zunguka nayo kidogo. Aisee. Kwanza harufu, petroli inakupokea kabla hujawasha. Klachi nzito kama unasukuma kabati. Halafu mita ya kuonyesha mzunguko wa injini haipo kwenye dashbodi, ipo NJE juu ya boneti, mbele ya macho ya dereva, na asubuhi ile kulikuwa na umande kwenye kioo chake ikabidi nishuke nikapanguse na kiganja.

Sasa kabureta yake ina midomo minne. Ukienda kistaarabu inatumia miwili, gari imepoa tu. Ukizamisha mguu ile miwili ya nyuma inafunguka, na unaisikia kabisa injini inavuta pumzi, hooo, ndo mngurumo unafuata na kichwa kinarudi kwenye siti. Nikafika kwenye taa, hapo ndo nikakumbuka mzee alichoniambia: breki ni dramu miguu yote minne. Gari inajua kwenda, kusimama inaomba taarifa mapema.

Na historia yake tamu. GM, kampuni mama ya Pontiac, walikuwa na katazo, gari ya saizi ile isifungwe injini zaidi ya inchi 330. Akina John DeLorean pale Pontiac wakapita mlango wa uani, 1964 hawakuitoa kama modeli mpya, waliiandika kama oda ya ziada kwenye Tempest LeMans, unalipia kidogo unafungiwa injini ya 389. Mabosi wa juu kuja kushtuka watu washaagiza kama njugu, utazuia nini hapo.

Haya, leteni zenu. Za kwenye sinema hapana.

Mchunguzi_Minnesota

Mkuu umenigusa. Mimi sijaimiliki ila nimeponea chupuchupu. Jamaa alikuwa anauza GTO ya 1968, rangi inang'aa, nembo zote zipo, bei imechangamka. Rafiki yangu Mkenya tuliyeenda naye akainama akachungulia kupitia kioo cha mbele, pembeni kushoto kwa dereva, pale panapokaa kibati cha namba ya chasisi. Ikawa inaanza na 237. Akaninong'oneza kwa Kiswahili, hii ni LeMans imevalishwa suti. Ya kweli ya miaka ile lazima ianze na 242. Tukamuaga mwenye gari vizuri tu, tukamwambia tutampigia.

Kwa hiyo anayetafuta asome namba kwanza, nembo zinauzwa dukani. Chevelle SS ya Chevrolet ndo kizungumkuti zaidi maana kuanzia 1969 SS ilikuwa oda tu, namba ya chasisi haikuambii kitu, inabidi uombe Mungu ile karatasi ya kiwandani yenye orodha ya oda za gari bado imebanwa juu ya tangi la mafuta. Na SS 454 ya 1970 yenye injini ya LS6 ilitoka na farasi 450, unaelewa kwa nini watu wanafoji.

DadaPolishi

Mimi kazi yangu kuosha na kupolishi magari Ohio. Mteja aliniletea Plymouth Road Runner ya 1969, nikategemea ndani kuna ngozi na mbwembwe. Wapi! Siti ndefu moja kama benchi la daladala, vitu vya anasa hakuna, hela yote ipo mbele kwenye injini. Mwenyewe akaniambia ndo ilivyokusudiwa, ilipoanza 1968 ya bei ya chini ilikuwa haifiki dola 3,000, kijana wa kiwandani aweze kununua.

Ila honi sasa. Bip bip! Kama yule ndege wa katuni, na kwa kweli Plymouth waliwalipa Warner Bros. dola 50,000 watumie jina na katuni yake. Nilipofungua boneti nikaikuta honi yenyewe imepakwa zambarau. Gari ya watu wazima yenye injini ya lita 6.3 inalia bip bip, nilicheka peke yangu mpaka bosi akaja kuangalia kuna nini.

Mpwani_Muscat

Asalaam aleykum jamaa. Huku Oman hizo za sitini utaziona kwa tajiri tu, sisi vijana tuliokulia huku tulikuwa na Chevrolet Lumina SS. Kaka yangu alikuwa na ile kupe nyeupe, V8. Tulikuwa tukitoka Ijumaa jioni, madirisha chini ingawa joto linachoma, kwa sababu ukiwasha kiyoyozi na kufunga vioo utasikia nini? Mama alikuwa anaijua ikiwa bado iko mtaa wa pili, anaanza kupakua chakula.

FundiBodi

Sheikh karibu ila hiyo si ya zamani bana, uzi una mipaka.

Mpwani_Muscat

Subiri basi nimalize. Lumina kupe ni Holden Monaro ya Australia iliyobadilishwa nembo. Na gari hiyohiyo Marekani iliuzwa 2004 mpaka 2006 kwa jina gani? Pontiac GTO. Sasa nitoe kwenye uzi.

FundiBodi

😂😂 Kaa mkuu, vuta kiti.

BabuSafari

Vijana hamjambo. Mimi niko Nakuru, mambo ya inchi 400 sikuyaona lakini V8 ya Marekani niliisikia kabla wengi wenu hamjazaliwa. Mbio za magari za Safari Rally za 1964, kampuni ya Ford ya Marekani ilileta timu ya Mercury Comet, injini ya 289. Mimi na kaka yangu tulisimama kando ya barabara, mvua ya mwaka ule msiulize, matope mpaka magotini. Tulizoea sauti za Volkswagen na Peugeot 404, hiyo Comet ikitokea kwenye kona ardhi ilikuwa inatetemeka na watu wanakimbia kabla haijaonekana. Kelele walikuwa nayo, lakini kati ya Comet zilizoanza ni mbili tu zilimaliza, tena huko nyuma. Mshindi akawa Peter Hughes na Ford Cortina GT, kagari ka lita 1.5! Ndio maana huku kwetu shujaa alibaki Datsun na Peugeot, nguvu ya kwenda moja kwa moja haikusaidii ukifika kwa matope.

Mchunguzi_Minnesota

Shikamoo babu. Hata kwao hazikudumu. Bima ya vijana ilipanda, 1971 GM wakashusha mgandamizo wa injini ili zikubali petroli isiyo na madini ya risasi, 1972 farasi wakaanza kuhesabiwa kwa njia mpya namba zikaporomoka, halafu 1973 mafuta yakaadimika. Mustang ya 1974 ilitoka haina V8 kabisa. Mustang!

FundiBodi

Marahaba kwa niaba ya babu 😂 Babu kama kuna picha yoyote ya Comet hata iliyoliwa na mchwa weka humu. Na walioko Detroit, Jumamosi ya tatu ya Agosti ni Woodward, yale matembezi ya magari ya zamani barabarani, nitakuwa upande wa Ferndale na viti vya kukunja, chai nabeba mimi. Bado sijamsikia hata mmoja aliyewahi kukaa kwenye gari yenye Hemi 426, ile injini ya Chrysler, mpo wapi?