Wenye meza za D&D mtandaoni: kama ufasaha wa mchezaji unashinda dadu, karatasi za wahusika tunajaza za nini?

Wakuu, salaam.

Nimekaa na hili tangu Jumamosi usiku nikidhani litapoa. Halijapoa. Meza ninayochezea sitaitaja wala mwenye meza sitamtaja, wenyewe wamo humu na wakisoma watajijua.

Kwa ambao hawajawahi kucheza: Dungeons & Dragons ni mchezo wa kusimuliana. Mmoja ndiye mwenye meza, anasimamia dunia na kila kiumbe kilichomo. Sisi wengine kila mtu ana mhusika wake, na mhusika ana karatasi yenye namba zake. Unasema anafanya nini, jambo likiwa halina uhakika unarusha dadu ya pande 20, unajumlisha namba ya kwenye karatasi, ukifikia kiwango kilichowekwa umefaulu. Sisi tunachezea Discord, kwa sauti, kwa Kiswahili. Watu wako Dar, Mombasa, Muscat, kuna na dada mmoja yuko Canada. Vitabu tunavyotumia ni vya toleo la tano, vile vya 2014. Hayo yanatosha, tuje kwenye kilichoniudhi.

Jumamosi tumefika lango la mji, jua limezama, lango limefungwa, na kwenye mkokoteni wetu tumemficha mtu anayetafutwa. Zamu iko kwa sajini mmoja. Mimi ndiye malenga wa kundi, kuongea na watu ndiyo kazi niliyoajiriwa nayo. Nikawasha maiki nikasema: malenga wangu anamsogelea sajini, anamkumbusha kwamba ni sisi tuliomtoa mdogo wake kwenye pango la majangili, halafu anamwomba afungue ule mlango mdogo wa pembeni kidogo tu, asiulize mkokotenini kuna nini.

Mwenye meza: "Hapana, usinisimulie. Ongea. Nishawishi mimi."

Jamani, mimi si msemaji. Kuandika naandika, ndiyo maana mnanivumilia humu na nyuzi zangu ndefu, lakini nikipewa maiki mbele ya watu ulimi unakuwa mzito. Nikaanza, "Afande... eeh... yule mdogo wako, unamkumbuka..." nikakwama. Kimya. Kuna mtu akacheka, maiki yake aliisahau wazi. Mwenye meza akatoa hukumu: "Sajini anapiga miayo, anakwambia rudi asubuhi." Dadu sijaigusa.

Akaingia jamaa mwenye mbabe, nusu-orki (nusu mtu, nusu zimwi la hadithi) mwenye shoka. Huyu jamaa kwenye maisha yake ya kawaida anasherehesha maharusi, na anajua kazi yake, simnyimi hilo. Akaporomosha maneno: mgeni njoo mwenyeji apone, sifa za mama mzazi wa sajini, dua kwa watoto wake, sauti inapanda inashuka kama yuko ukumbini anaita kamati ya mapambo. Kwenye chati makofi na emoji za moto. Yule mdogo wa sajini hakumtaja hata kwa bahati mbaya. "Lango linafunguka," akasema mwenye meza. Bila dadu.

Sasa fungueni kitabu cha mwenye meza cha 2014, sehemu ya mazungumzo na wahusika wasioendeshwa na wachezaji. Mtu asiyekujali, si rafiki si adui, ili akubali jambo lenye hatari ndogo kwake kiwango ni 20. Akiwa rafiki, jambo hilohilo kiwango chake ni 10. Na kitabu kinasema wazi kwamba mchezaji akigusa jambo linalomgusa yule mtu, msimamo wake unaweza kusogea. Kama kumkumbusha mtu kwamba ulimwokoa ndugu yake wa damu hakumsogezi, basi nitajieni ninyi kitakachomsogeza. Malenga wangu yuko ngazi ya 5. Mvuto wake, yaani sifa ya kuvuta na kusikilizwa na watu, ni 18, hiyo ni nyongeza ya 4. Ujuzi wa kushawishi ameuongeza maradufu kama malenga wanavyoruhusiwa kuanzia ngazi ya 3, hiyo ni 3 mara mbili, 6 nyingine. Jumla 10, na kiwango ni 10. Hata dadu ingetoa 1 ningepata 11, na kwenye ujuzi ile 1 haina laana ya kukuangusha papo hapo, laana hiyo ni ya kwenye kupiga. Yaani nilikuwa nimefaulu kabla sijarusha.

Mbabe je? Mvuto 8, anakatwa 1, na ujuzi wa kushawishi hana. Sajini bado hamjali kwa sababu hakupewa sababu yoyote ya kumjali, kiwango kinabaki 20. Dadu itoe 20 yenyewe, toa 1, ni 19. Mpe arushe dadu mbili achukue iliyo kubwa, ni 19 vilevile. Kwa mujibu wa kitabu yule mtu HAWEZI kufungua lile lango kwa kubembeleza, arushe mpaka Krismasi. Na ndiye aliyelifungua.

Mtasema namba namba, mchezo ni hadithi. Subirini niwaonyeshe namba zinauma wapi. Tulipotengeneza wahusika kila mtu alipewa pointi 27 za kununulia sifa zake sita. Sifa ikibaki 8 haikugharimu kitu, ukiipandisha hadi 15 inakula pointi 9. Jamaa akanunua Nguvu 15, Wepesi 15, Ustahimilivu 15. Tisa mara tatu, 27, hela imekwisha. Akili, Busara na Mvuto zote akaziacha 8, na damu ya orki ikamwongezea Nguvu na Ustahimilivu juu yake. Sawa, ni haki yake, watu wengi wanajenga hivyo. Lakini ukiuza ulimi ukanunua misuli, ulimi umeuza! Huyu anapiga mapanga kuliko sisi wote, akimaliza anageuka anahutubia kuliko sisi wote, na mafumbo ya mlangoni anayafumbua yeye na Akili yake 8. Mimi niliyelipia Mvuto kwa pointi 9 (ulianza 15, ukoo na ngazi vikaufikisha 18), Nguvu nikaiacha chini kabisa, goblini mmoja akinizaba kofi naomba maji, nimenunua nini?

Na msiniambie kwamba pale mezani maelezo mazuri ndiyo sheria. Kuna siku tulicheza kwa kuandika kwa sababu umeme ulikatika kwa mwenye meza akawa anatumia simu. Kulikuwa na mlango wa mbao umebana. Nikaandika aya nzima, nzuri mpaka watu wakaisifia: bega linavyopita kwenye ufa, kisigino kinavyotafuta jiwe la kukanyagia, msumari wa juu unavyolia. Nikaambiwa rusha dadu ya Nguvu. Nikatoa 6. Mlango haukutikisika, na hakuna aliyeona ajabu, mimi mwenyewe pia. Ndivyo inavyotakiwa! Kwa nini basi mlango wa mbao una sheria na sajini hana?

Kuna jambo jingine ambalo kwenye meza zetu za Kiswahili linauma zaidi, na sijawahi kuona mtu akilisema. Ukisema "nishawishi mimi" kwenye meza yenye watu wa kila mahali, umeanzisha mtihani wa lugha. Aliyekulia Mombasa au Unguja anafungua mdomo na tayari ana alama, mwenye lafudhi ya bara anachekwa, na yule dada wa Canada, aliyezaliwa hukohuko na Kiswahili chake ni cha kuombea maji, hana hata pa kuanzia. Dada huyu anacheza paladini, shujaa wa upanga mwenye kiapo kitakatifu, mwenye Mvuto 16. Mhusika ni mtu ambaye akisimama sokoni watu wanaacha kuuza. Nimemsikia akijaribu kuwatuliza wanakijiji wenye hasira, akachanganya ngeli, watu wakaanza kumsahihisha! "Si wanakijiji zao, ni wanakijiji wao." Mwenye meza naye akacheka, wanakijiji wakarusha mawe. Tangu siku hiyo anasema "naunga mkono" na "napiga kwa upanga", basi. Alikuja kucheza na wenzake wa Kiswahili ili lugha ya nyumbani isimpotee. Tumemfundisha kunyamaza.

Halafu wapo wale wanaojiita wakongwe: zamani hakukuwa na dadu za kushawishi, mtu alikuwa anaongea. Zamani ipi? Mchezo ulipotoka 1974, kazi ya Gary Gygax na Dave Arneson, Mvuto ulikuwemo tangu kitabu cha kwanza, mojawapo ya zile sifa sita. Na kulikuwa na jedwali la kurusha dadu mbili za pande sita kuona kiumbe uliyekutana naye anakupokeaje: ukitoa 2 anakurukia, ukitoa 12 anakuwa mtu wako. Dadu kwenye maongezi zina umri mkubwa kuliko wengi wetu humu.

Wengine wananipiga na neno uigizaji, eti mimi nataka kuua uigizaji. Kitabu cha mchezaji cha 2014 kinaeleza njia mbili za kumcheza mhusika wako, na zote mbili ni uigizaji: ya kumsimulia, anafanya hivi na kusema hivi, na ya kuongea kwa sauti yake kama mwigizaji. Niliyoitumia mimi langoni ni ile ya kwanza. Iko kitabuni, imechapishwa. "Usinisimulie" ameitoa wapi? Na ukitaka kumtuza anayeigiza vizuri, tuzo ipo: unampa ile hamasa, akitaka anaitumia kurusha dadu mbili achukue kubwa, au anamgawia mwenzake. Mngempa msherehesha hamasa yake tupige makofi wote, halafu malenga arushe. Kwani tungepungukiwa nini?

Sasa wale wa upande wa pili msishangilie sana, hasira yangu na ninyi inawafikia. Kuna mtu akifika mbele ya mfalme anasema "narusha ushawishi" na keshatupa dadu. Unamshawishi afanye nini? Kwa hoja gani? Unampa nini? Hajui. Ametoa 19, anadai ufalme. Huyo naye arudishwe, na dadu yake isihesabiwe. Mwenye meza ana haki ya kukuuliza unataka nini na umeshika nini mkononi, na jibu lako ndilo limpandishie au limshushie kiwango. Hoja ipimwe. Sauti, lafudhi, vina na kujua methali visipimwe, maana hivyo ni vya mchezaji na mhusika havimhusu.

Ni hilo tu ninalolidai. Nawasilisha.

NYONGEZA: Naona majibu yamejaa, nijibu mawili matatu.

Aliyesema kitabu kinampa mwenye meza uamuzi wa lini dadu irushwe: kweli, na kinasema arushishe pale matokeo yakiwa na mashaka. Sasa niambie, mwenye hoja ya ndugu aliyeokolewa alinyimwa bila mashaka, na asiye na hoja yoyote akapewa bila mashaka. Hayo mashaka yanapimwa kwa mizani ipi?

Aliyesema "si ujifunze tu kuongea": ndugu, mchana kutwa niko kazini naongea na wateja kwa shida. Usiku nikacheze nini, zoezi la kazini?

Aliyeniambia nibadilishe mhusika nichukue mbabe: hapana. Malenga nilimchagua kwa sababu ndiye nisiyeweza kuwa. Kama kila mtu atacheza kile anachokiweza tayari, msherehesha acheze msherehesha, mhasibu acheze mhasibu, na majoka tuwaachie benki.

Na wewe mwenye meza uliyenifuata PM ukaniambia nimekuchafua: sijakutaja popote, umejitaja mwenyewe. Jumamosi nitaingia saa ileile. Nitasema malenga anasema nini, anataka nini na ana hoja gani, halafu nitarusha dadu hadharani kwenye roboti ya chati kila mtu aione. Ukiniambia tena "nishawishi mimi", nafunga simu.

Nikifunga simu, mwenye meza nyingine anipokee. Nina malenga wa ngazi ya 5, hana deni, hana ugomvi na mji wowote kasoro ule mmoja. Zeze tu hana, yule mbabe aliliweka rehani kwa mfua vyuma wiki iliyopita, na hapo napo aliongea vizuri sana.